Mgongo mmoja, picha nne

Mi ni fundi wa kuchomelea. Magrili, mageti, ngazi, vibanda vya chipsi, chochote cha chuma naunga, karakana yangu ipo Tabata na nina miaka 19 kwenye hii kazi. Naitaja kazi mapema kwa sababu mbele huko ilitaka kuniponza ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na wala sikuwa na habari. Udaktari sijasomea, msije mkanichukua kama dokta. Naandika kilichonikuta, hela iliyonitoka, na mambo ambayo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia kabla sijaanza kuzunguka mjini na mabahasha makubwa ya kaki yenye picha za mgongo wangu.

Ilikuwa Februari 2023. Tunapeleka geti Goba, geti la milango miwili, bati nene la milimita 3, mteja anahamia wikiendi na simu haziishi. Geti kama lile tunabeba wanne. Siku hiyo kijana mmoja hakutokea, nikasema twendeni hivyo hivyo, kwanza ni kushusha tu. Tunalishusha kwenye kirikuu, kijana wa upande wa pili akateleza, uzito wote ukanijia mimi, nikasikia ka! kiunoni, kama kuni kavu. Pale pale wala haikuuma kivile. Nikafunga bawaba, nikalipwa changu, tukarudi, kufika Tabata nataka kushuka kwenye gari mwili umegoma. Vijana wakanishusha kama walivyoshusha geti.

Usiku ndo nikajua nimeumia. Maumivu yanaanzia kiunoni kushoto, yanashuka takoni, nyuma ya paja, pembeni ya mguu mpaka juu ya unyayo yanaishia kidole gumba. Fundi mwenzangu atanielewa nikisema ni kama ile shoti ya mashine ukiishika una jasho, ila hii haikuachii. Nikikohoa ndo inazidi.

Wiki ya kwanza nilifanya kama kila mtu anavyofanya. Duka la dawa, nikapewa diklofenaki, nikaona vidonge havinipi kitu nikaomba sindano, nikachomwa siku 5 mfululizo bila mtu kuniuliza kama nina vidonda vya tumbo, na mwishoni nikawa naumwa mgongo na tumbo kwa pamoja. Mama mkwe akamleta bibi mmoja anayechua, akanipaka mafuta ya mkaratusi akasema mshipa umehama, "tulia mwanangu nikurudishie", akapanda mgongoni kwa miguu miwili. Sitaki hata kusimulia. Kuchuliwa taratibu kulinipa nafuu siku nyingine, lakini mtu mwenye maumivu yanayoshuka mguuni asikubali kukanyagwa, nakuomba.

Wiki ya pili nikaenda zahanati. Na hapa ndo naomba tutulie kidogo maana kosa kubwa lilianzia hapa na wala sikuliona. Yule dokta hakunigusa. Aliandika huku ananiuliza jina na umri, nikasema mgongo, akasema nenda kapige eksirei urudi. Nikafurahi! Nikajua sasa napimwa. Kichwani mwangu kupimwa ni mashine, mtu wa kukuambia inua mguu, tembea, niambie inauma wapi, huyo nilikuwa namwona kama hana vifaa.

Eksirei 30,000. Dokta akainyanyua dirishani, akakunja uso, akaniambia, "Baba, pingili zako zimeanza kusagika."

Kusagika. Mwambie neno hilo mtu anayeshinda na grainda mkononi! Niliona cheche kabisa. Nikarudi nyumbani najiona mgongo wangu unageuka unga, nikaacha kuinama, nikaacha kumbeba mwanangu wa mwisho, nikanunua mkanda wa mgongo 45,000 nikawa nalala nao, nikahamia kwenye mkeka chini na nikakaa kitandani (mkekani, tuseme) karibu wiki 2 nzima bila kutembea zaidi ya chooni. Baadaye nimekuja kuambiwa kwamba kulala kule ndo kulinikaza zaidi, mgongo unataka kutembezwa kadiri unavyoweza, na neno lile moja liliniumiza kuliko geti.

Sasa eksirei ni nini hasa. Yule Mjerumani Röntgen alipoigundua mwaka 1895 picha yake iliyopata umaarufu ni ya mkono wa mke wake, ukiitazama unaona mifupa ya vidole na pete, basi, nyama kama moshi tu. Hadi leo ndo hivyo hivyo. Eksirei inaona mfupa na inaona chuma. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, haionekani, mshipa wa fahamu hauonekani. Ile nafasi kati ya pingili ikiwa imepungua wanakisia kwamba diski imeshuka. Kwa hiyo mtu kama mimi mwenye moto unaoshuka mguuni, shida ipo kwenye mshipa, nimepigwa picha na kifaa kisichoona mshipa. Ingekuwa nimedondoka toka juu ya paa, au ni mama wa miaka 70 kateleza bafuni, hapo eksirei ina maana, wanatafuta mfupa uliovunjika. Mimi sikuwa na swali la mfupa.

Wiki ya nne bado niko vile vile, karakana imefungwa, vijana wanajitafutia vibarua. Jamaa yangu mmoja akaniambia eksirei ni mambo ya zamani, nenda kituo fulani binafsi ukapige CT. Nikaenda. Dokta wa pale, mpole sana, na yeye hakunigusa, akaandika fomu, akaniuliza "unaweza MRI au CT?" Nikamuuliza tofauti yake nini, akasema MRI ni nzuri zaidi ila bei imesimama, ukishindwa CT nayo inaonyesha. Kama vile unachagua tairi mpya au ya mtumba. Fomu ilikuja na kikaratasi chenye jina la kituo cha kupigia na ramani ya kufika, nililiona hilo nikalipuuza.

CT ilikuwa 220,000, MRI 380,000. Bima sina. Nikachagua kwa bei. Nalisema wazi kwa sababu najua wengi tunachagua hivyo hivyo, mwenye duka lake na mwenye bodaboda yake, tunauliza ipi ya bei ya kati.

CT yenyewe haina maneno, unalala kwenye kitanda kinapita katikati ya duara kama tairi la trekta, dakika chache umemaliza. Ni mionzi ile ile ya eksirei ila inazunguka na kompyuta inakata picha vipande vipande kama mkate wa slesi, kwa hiyo mionzi unayopata ni mara kadhaa ya eksirei moja. Sio ya kukutisha ukiihitaji, ila sio kitu cha kupiga ili kujiridhisha tu, na dada mwenye ujauzito au anayehisi anao aseme kabla hajapanda. CT ni fundi wa mfupa, mtu wa ajali ya pikipiki, pingili iliyopasuka, hapo haina mpinzani, inawasaidia pia watu wenye betri ya moyo ambao mashine nyingi za MRI haziwapokei. Diski inaiona kiasi. Mshipa unavyobanwa inaona kwa tabu.

Ripoti ikatoka kwa Kiingereza, nikampa kijana wa stationari anisomee. Maneno mengi, halafu mstari wa mwisho kabisa unasema, kwa ufupi, diski imetokeza kidogo, ili kuona mishipa vizuri inashauriwa afanye MRI.

Nilikaa kwenye benchi la stationari nikacheka peke yangu. Laki mbili na ishirini, nimenunua ushauri wa kwenda kutoa laki tatu na themanini.

Hapa kuna jambo sijivunii. Sikuwa tena na hela. Nilikuwa na advansi ya mteja wa Kimara ya madirisha 6, nikaila. Nikajiambia nikipona nitampigia kazi usiku na mchana. Magrili yake yalichelewa zaidi ya miezi 2, akaja karakana akanitukana mbele za watu na alikuwa na haki, mpaka leo hajanipa kazi tena. Nikihesabu gharama ya picha na huyo namweka.

Basi wiki ya sita nikaenda MRI. Wanakupa karatasi ya maswali ujaze kabla. Umewahi kufanyiwa upasuaji, una chuma mwilini, una betri ya moyo, una ujauzito, mimi natiki hapana hapana hapana haraka haraka nimalize. Bahati nzuri yule dada wa mashine hakuiamini kalamu yangu. Akaniangalia mikono, hizi alama za cheche, akauliza:

"Kaka, kazi yako nini?"

"Nachomelea."

"Chuma kimeshawahi kukuingia jichoni?"

Nikacheka, nikamwambia dada fundi gani hajaingiwa na chuma jichoni. Mwaka 2015 kipande cha grainda kiliniingia jicho la kushoto nikaenda kutolewa hospitali. Akauliza, "Una uhakika vilitoka vyote?" Nikakaa kimya. Akasema leo huingii.

Nilichukia jamani. Nikaona haya sasa ndo yale yale ya kuliwa hela, maana alinirudisha nikapige eksirei ya macho kwanza, 20,000 nyingine, na nije kesho. Nikapandisha sauti kidogo. Yule dada hakupandisha ya kwake. Akanieleza kwamba ile mashine ni sumaku kubwa na haizimwi, ipo inavuta muda wote hata kama hakuna mgonjwa, kachembe ka chuma kalikojificha jichoni kanaweza kusogezwa na ile sumaku, na humu kwenye jicho hakuna nafasi ya kitu kusogea. Mtu anaweza kuingia anaona akatoka haoni. Ndo maana watu wa chuma tunaulizwa.

Eksirei ya macho ikatoka safi. Na nikwambie ukweli, katika picha zote 4 nilizopiga, hiyo ya 20,000 ndo pekee iliyokuwa na swali linaloeleweka kabla ya kupigwa: kuna chuma au hakuna? Kipo, huingii. Hakipo, ingia. Nilikuja kuielewa maana yake baadaye. Mafundi wenzangu, hilo mlishike, mwambieni mtu wa mashine hata asipouliza.

Kesho yake nikavua kila kitu, pete, saa, mkanda, simu nikaiacha kabatini, na kadi ya benki pia usiingie nayo inafutika. Dada mmoja mbele yangu alirudishwa akatoe pini za wigi, na wanawake wenye shanga za kiunoni zenye vyuma, hirizi ya bati, vyote vinatolewa, usione aibu kumwambia dada wa mashine, ashaona vingi. Unalala chali, wanakuziba masikio, wanakupa kipira mkononi ukiminya wanasikia. Halafu unaingizwa kwenye kitu kama bomba la kalavati. Mi sipendi sehemu finyu kabisa. Kilichonisaidia nilifumba macho kabla kitanda hakijaanza kusogea na sikuyafumbua hadi mwisho, nikawa nahesabu mageti niliyotengeneza kwa mtaa, Tabata Segerea, Kinyerezi, Ukonga. Kelele zake ni kama mtu anapiga nyundo kwenye bati, kisha inabadilika kama king'ora, kisha kimya, inaanza tena. Kama nusu saa hivi. Ukitingishika picha inaharibika, kwa hiyo kama maumivu hayakuruhusu kulala chali muda huo waambie mapema, usijikaze ukaja kupata picha yenye ukungu.

Na mkiulizia bei ulizeni pia nguvu ya sumaku, inapimwa kwa tesla. Zipo za 0.3, zipo za 1.5, zipo za 3. Zile ndogo nyingine zipo wazi pembeni, zinawafaa wanene na wenye hofu, lakini picha yake haiwi kali kama ya 1.5. Bei rahisi mara nyingine inatokana na hapo. Kuhusu ile dawa ya kung'arisha picha wanayochoma kwenye mshipa wa damu, kwa maumivu ya diski ya kawaida haihitajiki, inatumika zaidi wakitafuta uambukizi au uvimbe, au kwa mtu aliyeshafanyiwa upasuaji wa mgongo. Ukiona imeongezwa kwenye bili, uliza kwa nini.

Ripoti nikaisubiri siku 3. Ikatoka, nikafanya ujinga mwingine, nikaiingiza intaneti neno kwa neno saa 8 za usiku. Diski ya kati ya pingili ya 4 na ya 5 imetokeza kushoto inagusa mshipa, diski nyingine 2 zimekauka, sijui viungo vidogo vya nyuma vimechakaa. Kufika alfajiri nilishajiona kwenye kiti cha magurudumu. Rafiki mmoja akaniambia huo ni upasuaji tu na kwa binafsi andaa milioni kadhaa, nikaanza kutafuta mteja wa jenereta yangu.

Aliyenizuia ni mke wangu. Tumekaa tunakula akaniuliza hivi baba Zainabu, tangu hii safari ianze, kuna dokta hata mmoja amekushika huo mguu? Nikafikiri. Nikasema hapana. Akasema sasa hao wote wanatibu makaratasi au wanakutibu wewe?

Wiki ya saba nikaenda hospitali kubwa ya serikali kumwona bingwa. Ada ya kumwona ilikuwa ndogo kuliko ule mkanda wangu. Foleni ilikuwa ya kufa mtu, toka saa 12 asubuhi nikaingia saa 7 mchana. Nikaweka bahasha zangu zote mezani, akazisogeza pembeni hakufungua hata moja. Nikajua basi tena, huyu naye ananituma nikapige upya.

Akasema vua viatu. Akaniambia nitembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Nilale chali, akanyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka taratibu, haujafika hata nusu moto ukawaka, nikapiga yowe. Akapiga magoti kwa kanyundo, na nyuma ya kisigino. Akaninyooshea kidole gumba cha mguu, akasema kivute juu nikikuzuia, cha kulia kikamshinda yeye, cha kushoto yeye akakishinda kidogo. Akachukua kipini akawa ananigusa juu ya unyayo, inachoma sawa sawa na huku? Nikamwambia hapa ni kama umeniwekea soksi.

Halafu maswali. Unakojoa vizuri? Mkojo unakutoka bila kujua, au unataka kukojoa haitoki? Haja kubwa? Sehemu unayokalia, pale inapokaa tandiko la baiskeli, pana ganzi? Umepungua uzito? Homa za usiku, jasho? Kuna TB nyumbani? Umewahi kuwa na kansa? Unatumia dawa za muda mrefu? Maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umetulia?

Yote hapana. Akaosha mikono akasema, "Ni mshipa wa 5 wa kiunoni, kushoto, diski ya kati ya 4 na 5." Ndo akafungua bahasha ya MRI, akaiweka kwenye taa, akaniita nisogee. "Unaiona hii nyeusi? Diski yenye maji inang'aa, iliyokauka inakuwa nyeusi. Na hiki kikono kilichochungulia huku, ndicho kinagusa mshipa wako."

Alishaisema kabla hajaiona. Kwa dakika kama 15, kanyundo na kipini.

Nikamuuliza na hizo nyingine 2 zilizokauka je, na kusagika? Akaniuliza umri, nikasema 43. Akasema nikienda barabarani nikachukua watu wa umri wako ambao hawajawahi kuumwa mgongo nikawapiga MRI, wengi wao diski zitakuwa zimeanza kuchakaa hivi hivi, na wako wanabeba magunia. Baadaye nimekuta kuna uchambuzi wa mwaka 2015 uliounganisha tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa: wenye miaka 20, asilimia 37 diski zimeshaanza kuchakaa, wa miaka 40 asilimia 68, wa miaka 80 asilimia 96. Diski kututumka, wa miaka 40 ni nusu yao. Yaani ni kama mvi. Sasa mtu anakupiga picha, anaona mvi, anakuambia ndo zinazokuumiza kichwa.

Wazo la upasuaji alilifuta siku hiyo hiyo, kwa sharti. Dawa kidogo, kutembea kila siku naongeza taratibu, fiziotherapi mara 2 kwa wiki na mazoezi nyumbani, mkanda nikautupe (sikuutupa, anao mama mkwe). Akasema diski nyingi za namna hii zinatulia zenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12, mwili wenyewe unakila kile kikono. Kidole gumba kikizidi kulegea, au ule unyayo ukianza kuburuta, au mkojo ukileta shida, usisubiri kliniki, njoo usiku huo huo.

Nikamuuliza kwa hiyo MRI nimepoteza hela? Hakunidanganya. Alisema kwa wiki zile za mwanzo asingenituma popote, sio eksirei wala CT wala MRI, angenipima kwa mkono na kunipa mazoezi. Ila kwa wiki 6 zimepita na kidole kina udhaifu, hata yeye angeiomba MRI, kwa sababu sasa lingekuwepo swali: tuchome sindano karibu na mshipa, tupasue, au tusubiri? Akanifundisha la kumuuliza dokta yeyote anayeandika picha, na nimelishika: ikitoka hivi utanifanya nini, na ikitoka vile utanifanya nini? Kama jibu ni lile lile pande zote mbili, kaa na hela yako kwanza. Nikakumbuka eksirei yangu ya macho.

Sasa mtu asije akatoka hapa anasema fundi kasema picha za mgongo ni wizi. Nina shangazi yangu Kondoa. Yeye aliumwa mgongo miezi mingi, wakawa wanamchua na kumpiga chuku, wanasema ni uzee na jembe. Akakonda, jasho usiku linalowesha shuka, hasikii hamu ya kula, mwisho pingili moja ya katikati ya mgongo ikatokeza nyuma kama kifundo na miguu ikaanza kuwa mizito. Ndipo kijana wake akamleta mjini. MRI ikaonyesha uambukizi umekula pingili na usaha umekaa karibu na uti. TB ya mgongo. Hata hakuwa anakohoa. Dawa za TB alipewa bure kama wanavyopewa wote, alizinywa mwaka na zaidi, leo anatembea kwa fimbo. Dokta alimwambia kijana wake, mngekuja mapema fimbo isingekuwepo. Shangazi alihitaji ile picha toka lile jasho la kwanza, na hakuna aliyempeleka. Mimi nilipigwa 3 nikiwa sina hata dalili moja ya zile. Ndo nchi yetu hiyo, mwenye laki anapigwa picha, mwenye dalili anachuliwa.

Kwa hiyo ukiona homa na kukonda, ukiona uliwahi kuwa na kansa au TB, una VVU na mgongo umeanza kuuma mpya, umeanguka au umepata ajali, mguu unazidi kuishiwa nguvu, hapo usingoje wiki 6 za mtu yeyote. Na mkojo au haja ikigoma au ikitoka yenyewe, na ganzi sehemu za siri, hiyo sio ya kesho asubuhi, ni ya sasa hivi, bodaboda au bajaji chochote. Sisi wa Dar ukisema mgongo akili inaenda MOI pale Muhimbili, wa Mwanza hospitali ya Bugando, wa Moshi KCMC, lakini ukiwa mbali anza na hospitali ya mkoa, muhimu ufike kwa mtu atakayekupima kwa mkono na kukusukuma mbele.

Vingine vidogo vidogo. Ukipiga picha yoyote dai filamu au CD pamoja na ripoti, vyote, mimi cha CT nilipewa ripoti tu na bingwa alipoitaka hakuwa na cha kuangalia. Usizikunje filamu, usiziache kwenye dashibodi juani. Mwenye bima aulize kabla kama MRI inataka kibali, wengine wanafika dirishani ndo wanaambiwa. Na ripoti usiisome peke yako usiku.

Jumla picha zote na mkanda zilinitoka 695,000, mengine kama dawa na nauli sijaweka. Kidole gumba kilirudi nguvu mwezi wa 6, ganzi ya juu ya unyayo ilichelewa zaidi, kuna siku za baridi bado naisikia kwa mbali. Julai nikafungua karakana. Kitu cha kwanza nilichonunua ni winchi ya mnyororo, 185,000, ambayo ningeinunua Januari, basi. Geti la milango miwili sasa hatuligusi bila watu wanne, mteja ahamie asihamie.

Mtaani wameshajua mi nilishaumwa mgongo, basi kila anayeshikwa kiuno ananipigia simu, kaka ile MRI yako ulipiga wapi, bei gani. Mi siwaambii bei. Nauliza kwanza unakojoa vizuri? Vijana wangu wa karakana wameshanipa jina, wananiita Dokta Mkojo, na juzi mmoja wao kapokea simu yangu nikiwa juu ya ngazi, nikamsikia anamwuliza mteja wa watu, mzee, kabla sijampa fundi, mkojo unatoka?

Alikuwa anaulizia bei ya geti.